Garantie ya Mama Asifiwe

Mi njo nilisema ile pesa inalala bure. Nianze hapo, juu watu wa mutaa wanasema ni vita ilitukausha, na Mama anawaacha waseme vile. Vita ilikuja, ni kweli. Lakini ilitukuta tayari tuko wakavu.

Papa alikuwa fundi wa nguo. Jina yake Kadiri, watu wa zamani wa Gisenyi wanamujua. Alikufa akaachia Mama nyumba ya kukaa na vyumba ine nyuma mu parcelle, kiwanja yetu, milango inaangaliana, karibu na petite barrière, ile ya kuvuka na miguu. Dakika kumi ya miguu uko ku mupaka, dakika makumi mbili uko Goma, inchi ingine. Njo maana wapangaji wetu wote walikuwa watu wa kuvuka. Wanalala huku, wanatafuta kule, jioni wanarudi. Chumba moja ni elfu makumi tatu na tano kwa mwezi. Mama hana kazi ingine. Ile njo mushahara yake, njo unga, njo umeme, njo minerval, pesa ya masomo, yangu na ya dada yangu Isimbi mwenye bado anasoma.

Na Mama alikuwa na tabia yake. Pesa ya pembeni hakuihesabu mu falanga, aliihesabu mu miezi. Ukimuuliza iko ngapi ku SACCO, anakujibu, "Miezi ine na kitu." Maana yake, kama leo wapangaji wote wanakosa, tutakula miezi ine na kitu bila kugonga ku mulango ya mutu. Kwetu mwezi ni elfu mia moja, na hapo tumejikaza.

Pembeni ya ile kulikuwa ingine, garantie. Ni desturi ya Goma, ilivuka mupaka na wapangaji. Ukiingia mu chumba unaacha pesa ya miezi tatu kwa mwenye nyumba, anaichunga, siku unatoka anakurudishia yote. Vyumba ine, ilikuwa elfu mia ine na makumi mbili. Mama aliiweka ku kitabu ingine ya SACCO kabisa. Kitabu yetu alifunga na kipande ya kitenge ya bleu, kitabu ya wapangaji na kipande ya njano. Hakuchanganya hata siku moja. Alisema ile ya njano ni amana, na mutu ataulizwa juu ya amana mbele ya kuulizwa juu ya swala yake. Sijui kama njo vile iliandikwa. Njo vile Mama alisema.

Bon. Mwezi wa saba 2024 nikamaliza secondaire. Nilisoma hesabu na économie. Ukimaliza économie na hauna kazi, kichwa inawaka. Asubuhi unaamuka, unaangalia ukuta, unaona pesa kila fasi, na hakuna hata moja iko yako. Nilitaka permis ya kuendesha voiture, nilitaka kutoka, nilitaka kitu itembee. Halafu naona vitabu mbili zimefungwa na kitenge, karibu laki tisa ndani.

"Mama, hii pesa inafanya nini?"

"Inakaa."

"Inakaa tu?"

"Kazi yake ni kukaa."

"Mafuta ya kupikia ilikuwa ngapi mwaka jana? Na leo? Kila mwaka hii pesa inapunguka, na hakuna mutu anaigusa. Ni mwizi mwenye hauone."

"Basi ule mwizi nimeshamuzoea," Mama akasema. Alikuwa anachambua maharagi, hakuinua hata macho. "Wako simujui."

Mwizi wangu ilikuwa chumba ya tano. Kulikuwa fasi, kando ya choo, kufika kwenye tanki ya maji. Nilimuandikia yote mu cahier: matofali, mabati, sima, fundi, laki nane na nusu. Chumba mupya, elfu makumi ine kwa mwezi. Miaka mbili hata haijafika pesa yote imerudi, kisha ni kukula tu. Na miezi ya kwanza italipa permis yangu, ile aliniahidi mwenyewe.

"Yetu haifike laki tano," akasema.

"Iko ya njano."

Akaacha maharagi.

"Ile si yetu, Cyiza."

"Najua. Lakini nani anatokaka hapa? Mama Asifiwe iko na miaka sita mu chumba yake. Mbonigaba iko na ine. Na mumoja akitoka, mwenye kuingia analeta garantie yake, tunamupatia ule wa kutoka. Pesa inazunguka. Hata banki inafanya vile."

"Banki iko na askari ku mulango."

Nilimusumbua mwezi muzima. Sitadanganya, nilimusumbua wakati wa kula, nilimusumbua akitoka kuswali. Nilimuambia Papa angekubali, na ile haikuwa muzuri kusema. Siku moja akachukua kitabu ya njano, akafungua ile kipande ya kitenge mwenyewe, akaitia mu mufuko ya nguo yake. Tukaenda ku SACCO pamoja. 

Mwezi wa kumi na moja chumba ya tano ilisimama. Muzuri, na mulango ya chuma nilipaka rangi mwenyewe. Ku vitabu mbili ilibaki elfu makumi mbili. Mu cahier yangu niliandika: vyumba tano, mushahara tano. Nilipiga mustari chini ya ile tano. Mi mwenye nilisoma économie miaka tatu sikuona kama mushahara yote ilikuwa inavuka ku barrière moja.

Mwezi wa kwanza vita ikafika Goma. Siku zile sitaki kuzisema sana. Hata huku tulilala chini ya vitanda, Isimbi akashika mukono yangu paka vidole ikakufa. Mupaka ikafunga, kisha ikafunguka, watu wakaanza tena kuvuka. Mi nikasema bon, imeisha. Lakini banki za Goma zilifunga na hazikufunguka. Mi nilijua mutu maskini na mutu tajiri. Mutu mwenye iko na pesa na hana pesa, sikumujua.

Vijana mbili wa chumba ya tatu na ya ine walikuwa wanauza mu depot ya Goma. Patron wao hakuweza kutoa pesa, wao hawakuweza kulipa. Wakakuja kwa Mama na adabu yote. "Mama Cyiza, tusamehe, kata ku garantie." Mama akaitika na kichwa. Walifikiri anawaonea huruma. Mi nilikuwa nasimama nyuma yake, na najua hakuna kitu ya kukata. Walilala miezi yao tatu, na Mama hakuona hata falanga moja, juu ile garantie yao ilikuwa tayari imekuwa mabati.

Mbonigaba, mwenye anasukuma mizigo ku barrière, alikuwa analeta elfu mbili, elfu tatu, kama mutu analisha kuku. Chumba ya tano ilibaki na harufu ya sima. Hakuna mutu aliingia. Mwenye kulipa muzuri alikuwa Mama Asifiwe tu, na watoto wake tatu. Alikuwa anapeleka mayai na nyanya Goma, ku Birere. Pesa yake yote ya miaka ilikuwa mu banki kule, na bado alilipa, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Ramadani ilitukuta vile. Mama alisema afadhali, muchana hakuna mutu ataona kama hatupike.

Kisha Idi, siku ya Pazili, Jumapili, mvua iko inanyesha, Mama Asifiwe akaingia kwetu na sahani ya mayai tano.

"Mama Cyiza, nakuja kukuaga."

"Unaenda wapi, dada?"

"Mahoko. Chumba kule ni elfu kumi na tano. Mayai nimeacha, capital imefungiwa kule ku banki, inaniangalia mu dirisha." Akacheka kidogo. "Nitauza viazi. Iko mutu wa Bugeshi ananishushia magunia siku ya mposho, Jumamosi, lakini anataka pesa mu mukono. Donc nilikuwa nasema, ile garantie."

Mama alikuwa anashika ile sahani. Hakuiweka chini.

"Unaitaka lini?"

"Ijumaa ingenisaidia. Ni yenyewe tu nimebaki nayo, Mama Cyiza. Nilikuwa nasema mu roho, kama kule imekufa, iko ingine kwako, haiwezi kufa."

"Ijumaa," Mama akasema. "Kisha swala."

Mama Asifiwe akatoka. Mi nikabaki naangalia mayai. Elfu mia moja na tano. Ku vitabu mbili pamoja kulikuwa elfu sita.

"Ulimuambia Ijumaa," nikasema.

"Ulitaka nimuambie nini? Achukue mulango ya chuma?"

Nikatoka mu ile mvua.

Pazili ile yote, na siku ya kwanza na ya pili ya wiki, nilitembea. Nilitafuta mutu wa kupanga chumba ya tano paka nikachoka miguu. Kila mwenye nilikuta alikuwa na chumba yake ya kulipisha, naye anatafuta mupangaji. Mukopo ya riba Mama hagusi, hata njaa ikuje na viatu. Ndugu zake wako mbali, Nyamirambo, aliwapigia simu, wakaanza wao kumulilia mbele hajasema. Mi nikawaza kuuza mabati ya chumba ya tano. Fundi akaniambia ukiyatoa yana matundu, atanunua kwa bei ya kufunika kuku.

Siku ya tatu akakuja Gakwaya.

Gakwaya ni mutu wa bizinesi, alirudi kutoka Uganda na wazazi wake zamani sana, lakini bado anaita kila mwanamuke Madam. Anaweka sima mu depot kubwa ya barabara ya juu. Alisikia. Mu mutaa yetu watu wanasikia. Hakukaa, alitembea mu parcelle yote na mikono nyuma, anahesabu milango, akagonga ukuta ya chumba ya tano na kidole.

"Madam, hii kazi si mbaya. Nani alijenga?"

"Mutoto."

Akaniangalia kama mutu anaangalia bei. "Sawa. Mimi nasema neno moja. Napanga nyumba na vyumba yote tano, miaka mbili. Nakupatia milioni mbili leo, cash. Mbele ya jua kuzama uko nayo."

 Milioni mbili. Tunalipa Mama Asifiwe, tunalipa Mbonigaba, permis, minerval ya Isimbi, tunapata fasi ndogo ya kukaa. Nikamuvuta Mama ku mulango ya jikoni.

"Mama, itika. Itika sasa, mbele hajabadilisha."

"Miaka mbili ni miezi ngapi?"

"Makumi mbili na ine."

"Tunakula ngapi kwa mwezi?"

"Mia moja."

"Haya. Wewe njo ulisoma."

Nikahesabu. Milioni mbili mu miezi makumi mbili na ine ni elfu makumi nane na kitu. Haifike hata chakula. Na hapo bado hatujalipa fasi ya kulala, bado hatujarudisha garantie. Nilihesabu mara mbili. Mama alikuwa ananingojea, hakunicheka, na ile ilikuwa mbaya kuliko kucheka.

Akarudi kwa Gakwaya.

"Vyumba siachi," akasema. "Chukua nyumba ya mbele. Iko na umeme, iko na maji ndani, iko na salon. Nasikia manager wako wa depot hana fasi. Miezi sita, elfu makumi nane kwa mwezi, ulipe yote leo."

"Na wewe utalala wapi, Madam?"

"Mu chumba ya tano. Kuna mutu anasemaka ni chumba muzuri."

Gakwaya akacheka peke yake. Wakavutana. Alisema sitini, Mama akasema basi aende salama na milioni zake. Akafika ku geti, akarudi. Wakasimama ku makumi saba. Miezi sita, elfu mia ine na makumi mbili. Nilisikia ile namba nikainamisha kichwa. Ilikuwa sawasawa na garantie yenye tulikula.

Siku ya ine tukahama. Kuhama mita kumi na tano ni haya kuliko kuhama mbali, juu kila mutu anaona godoro yako. Cherehani ya Papa haikupita mu mulango ya chuma, nilipima vibaya wakati wa kujenga. Iko inje chini ya mabati ya jikoni, tumeifunika na sheeting ya plastiki. Isimbi akauliza atafanya devoirs ya shule wapi. Mama akamuonyesha kitanda.

Ijumaa, kisha swala, Mama akaniita niende naye kwa Mama Asifiwe. Niliomba nibaki. Akasema hapana.

Vitu ya Mama Asifiwe ilikuwa tayari imefungwa: godoro, sufuria, trei za mayai zenye hazina mayai. Mama akampatia pesa kwa mikono mbili. Mama Asifiwe akahesabu pale pale, tulikuwa tunaangalia, akahesabu tena. Hakuombaka musamaha juu ya kuhesabu, na hakuna mutu alikasirika.

"Mama Cyiza, mi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile wakati munapandisha chumba ya tano. Nilimuambia Mbonigaba, hii matofali ni sisi. Ile mustari ya chini, ya kando ya mulango, ni yangu. Mbonigaba akachagua ya dirisha." Hakuwa na hasira. Alikuwa anakunja noti moja moja mu kitambaa. "Kila jioni nikipita naangalia ile mustari, nasema, haya, angalau iko inasimama."

"Mbona haukuniambia?" Mama akauliza, sauti ndogo.

"Ningesema nini? Miaka sita haujanikosea. Nilisema atajua mwenyewe." Kisha akageuka kwangu. "Na wewe, sha, uko na mabega. Mposho kuja Mahoko, magunia haijishushe. Nitakulipa. Lakini kwangu mi hakuna garantie."

Watoto wake wakacheka, nami nikacheka, na macho ilikuwa inaniuma. Nikabeba godoro yake paka ku barabara.

Jioni Mama alikaa ku kitanda, akatoa vitabu mbili. Asubuhi alikuwa amepita ku SACCO. Akafunga ya njano na kipande yake ya kitenge: elfu mia moja na tano ya Mbonigaba, aliirudisha mbele hata Mbonigaba hajaiuliza. Kisha ya bleu.

"Yetu ni ngapi?" nikauliza.

"Miezi mbili na kitu."

"Na permis?"

Nilijua jibu. Sijui mbona niliuliza. Mama akaangalia mulango ya chuma, rangi yangu, kisha akaniangalia mimi.

"Mbele ilikuwa miezi ine na nilikuwa nalala," akasema. "Ikifika sita uniulize tena."

Mposho nikaenda Mahoko. Nilishusha magunia kumi na mbili ya viazi. Mama Asifiwe akanilipa elfu tatu, nikampatia Mama zote, akaandika ku karatasi, ku upande ya bleu. Hakusema aksanti. Nilipenda vile hakusema.

Siku tano kisha, Mbonigaba akasimama ku mulango yetu. Alivua kofia, akazungusha mu mikono, akaanza mbali, juu ya kazi ya barrière, juu ya mutoto wa kaka yake, juu ya bei. Alikuwa anatafuta njia ya kuomba pesa yenye alifikiri haiko. Mama hakumuacha afike mwisho.

"Unatoka lini?"

"Mwisho wa mwezi. Lakini kama haiko, Mama Cyiza, naweza kuvumilia kidogo kidogo."

"Iko," Mama akasema. Akachukua kitabu ya njano ku kichwa ya kitanda. "Kesho asubuhi tunaenda pamoja ku SACCO."

Mbonigaba akavaa kofia. Akaangalia ukuta ya dirisha, akaigonga na mukono mara mbili, kama mutu anaaga ng'ombe, akaenda.

Mama akabaki anashika ile kitabu. Kesho ya njano itakuwa sifuri. Vijana wa tatu na ine wanatoka nao wiki kesho. Vyumba ine zitakuwa wazi, tuko mu ya tano, na mutu wa Gakwaya anafungulia televizyo mu salon yetu, tunasikia michezo yote ku ukuta. Yetu ni miezi mbili na kitu. Nilianza kuhesabu paka mwezi wa sita, mwezi wa saba, nikafika fasi namba inaisha, nikarudi nyuma kuanza tena.

"Wacha kuhesabu," Mama akasema. "Enda utafute karatasi, uandike chumba ya kulipisha. Uandike namba ya simu yangu."

"Niweke wapi? Ku barrière?"

Akarudisha kitabu ku kichwa ya kitanda.

"Ku barrière usiweke hata moja," akasema. "Peleka ku shule, peleka ku hopitali, peleka ku soko. Kila karatasi fasi yake."

Nikachukua cahier yangu ya économie. Ukurasa ya vyumba tano, mushahara tano, ilikuwa na nyuma nyeupe. Nikaitoa yenyewe, nikaikata vipande ine, moja kwa kila chumba.